Utafiti kwa Kiingereza, ngoma kwa Kiswahili

Kila mwaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Mlimani kama tulivyozoea kukiita, hufanya Wiki ya Utafiti na Ubunifu. Wahadhiri na wanafunzi hupanga meza zao, mgeni rasmi huzungushwa, picha hupigwa, na kwa siku mbili tatu magazeti ya nyumbani huwa na habari ya Chuo ambayo si ya mgomo wala ya mikopo. Sisi tunaoandika kutoka ugenini, ambao siasa za nyumbani zimetuweka mbali na Ukumbi wa Nkrumah kwa miaka sasa, huzisoma habari hizo kwa hamu kubwa. Tunasoma nani amefungua. Tunasoma nani amefunga. Tunasoma kwamba mgeni rasmi amewataka watafiti watatue matatizo ya wananchi. Sasa hao watafiti wamegundua nini? Hapo ndipo habari inapokwisha.

Ukitaka kujua kilichogunduliwa, ndugu msomaji, itakubidi ukitafute kwa Kiingereza, katika tasnifu iliyolala maktabani au katika jarida la nje. Lakini ngoja habari iwe ya utamaduni. Ikiwa ni tamthilia, ngoma, kwaya, usiku wa mashairi, au maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani ambayo UNESCO iliipitisha mwaka 2021 iwe tarehe 7 Julai, ghafla wasomi wetu wote wanaikumbuka lugha ya nchi. Vitenge vinavaliwa, Kiswahili kinasifiwa kwa Kiswahili, na Jumatatu yake mihadhara inaendelea kwa Kiingereza kama kawaida.

Kwa maneno mengine, chuo cha umma kinacholipiwa na kodi ya mkulima na mvuvi kimezigawia lugha mbili kazi mbili. Kiingereza kimepewa kazi ya kujua, Kiswahili kimepewa kazi ya kucheza. Na mgawanyo huu, tofauti na wanavyodhani wengi, si jambo la heshima ya lugha tu. Kuna watu unawagharimu fedha na afya.

Hebu tuangalie utafiti unavyofanyika. Mtafiti akienda kijijini hawezi kuanza kuuliza tu. Taratibu za maadili zinamtaka apate ridhaa ya mhojiwa, na ridhaa haiwi ridhaa kama mtu hakuelewa anachokubali. Kwa hiyo fomu ya ridhaa inatafsiriwa kwa Kiswahili. Dodoso nalo linatafsiriwa, na watafiti makini humpa mtu wa pili alirudishe kwenye Kiingereza ili wahakikishe maana haikupotea njiani. Mama anakaa chini ya mwembe saa nzima akijibu: ana watoto wangapi, wanakula nini, maji anachota wapi, mavuno ya mwaka juzi yalikuwa magunia mangapi. Yote anayajibu kwa Kiswahili. Kisha madaftari yanapanda gari kurudi mjini, na Kiswahili kinashushwa njiani. Uchambuzi ni Kiingereza, tasnifu ni Kiingereza, makala ni Kiingereza, na jarida lenyewe mara nyingine husomwa kwa kulipia dola ambazo mama yule hazioni kwa mwezi mzima.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba Kiswahili hakiwezi utafiti. Wakati wa kuchukua kinaweza sana. Wakati wa kurudisha ndipo tunaambiwa hakitoshi.

Tuchukue mfano wa mwani, maana wasomaji wetu wengi wa Unguja na Pemba, na ndugu zao walioko Oman na hapa Ulaya, wanaujua vizuri. Kilimo cha mwani Zanzibar kina mkono wa Mlimani tangu mwanzo. Profesa Keto Mshigeni alianza kuuchunguza mwani wa pwani yetu katika miaka ya 1970, wakati ambapo kwa watu wengi mwani ulikuwa uchafu unaotupwa ufukweni na mawimbi, akisema kwamba unaweza kulimwa na kuuzwa. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wanawake ndio walioingia baharini. Fedha ya mwani imejenga nyumba, imenunua madaftari na sare za shule, na (jambo ambalo baadhi ya waume hawakulifurahia) imempa mke mfuko wake mwenyewe.

Baadaye mambo yakaharibika. Mwani unaolimwa ni wa aina mbili kubwa: kotonii wenye bei nzuri, na spinosamu wenye bei ya chini. Kotonii hauvumilii maji ya moto. Kadiri bahari ilivyozidi kupata joto, kotonii ukaanza kufa katika maji mafupi, na huko kwenye maji mafupi ndiko akina mama wanakolima wakati wa bamvua, maji yakitoka. Wakabaki na spinosamu, kazi ileile, mgongo uleule unaouma, fedha pungufu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni tawi la Mlimani lililoko Zanzibar tangu mwaka 1978, haikukaa kimya. Dk. Flower Msuya wa taasisi hiyo alifanya kazi miaka mingi na wakulima wenyewe, na mwaka 2006 ukaanzishwa mpango wa kuwaweka pamoja wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali. Wakajaribu kulima kotonii kwenye maji marefu yenye ubaridi, kwa kutumia nyavu za mirija badala ya kamba na vigingi. Wakafundishana kuusaga mwani na kutengeneza sabuni, ili asiwepo mtu anayeuza gunia zima kwa bei ya kutupwa. Na likajitokeza tatizo ambalo huwezi kulipata maabara: wengi wa akina mama hao hawajui kuogelea, wala hawana vyombo vya kuwafikisha kwenye maji marefu. Tatizo kama hilo hulipati mpaka ukae na watu na wakuambie wenyewe, kwa lugha yao.

Huo ni utafiti uliorudi nyumbani. Lakini angalieni ulivyorudi: kwa juhudi za watu wachache waliokuwa tayari kuvua viatu na kuingia majini. Hakuna utaratibu wa Chuo uliolazimisha hivyo. Makala za kisayansi kuhusu joto la bahari na magonjwa ya mwani, ambazo ni nyingi sasa, zimeandikwa kwa Kiingereza. Msafirishaji wa mwani akitaka anazisoma, anajua wapi kotonii utapungua na wapi utashika, na anapanga bei yake. Mkulima anajua kwamba mwezi huu mwani wake umekufa, basi. Halafu hao wawili wanakutana kwenye mizani na kuitwa washirika wa biashara. Siku hizi Zanzibar kila hotuba ina uchumi wa buluu ndani yake. Tungependa kujua ni kurasa ngapi za huo uchumi wa buluu ambazo mama wa Jambiani anaweza kuzisoma bila mkalimani.

Kuna waliozoea kusema kwamba zamani Mlimani haikuwa hivi, kwamba zamani Chuo kilikuwa cha wananchi. Tunaiheshimu zamani hiyo. Walter Rodney alifundisha pale, na kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa London na Dar es Salaam. Ila tusisahau kwamba mijadala ile mikali ya ukombozi, pamoja na ubora wake wote, ilikuwa kwa Kiingereza. Hata gazeti la wanafunzi wa mrengo wa kushoto, Cheche, lililoanza mwaka 1969 na kupigwa marufuku mwaka 1970, lilikuwa na jina la Kiswahili na tumbo la Kiingereza. Wavuja jasho walijadiliwa kwa ufasaha mkubwa katika lugha ambayo wavuja jasho hawakuijua.

Mfano unaotusumbua zaidi ni wa Maji Maji. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo iliwatuma wanafunzi waende kusini na kwingineko kukusanya simulizi za wazee waliokuwa bado wanavikumbuka vita vile vya 1905 hadi 1907. Ilikuwa kazi kubwa na ya wakati wake hasa, kwa sababu wazee wale walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Simulizi zikakusanywa, zikawekwa katika mkusanyo wa Kiingereza uliotolewa na Chuo mwaka 1969, na wanahistoria wa dunia nzima wanautumia mpaka leo. Katika mwaka huohuo wa 1969 Ebrahim Hussein, kijana wa palepale Mlimani, akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile kwa Kiswahili.

Sasa muulize Mtanzania yeyote aliyepita sekondari kuhusu Kinjeketile. Atakueleza, na anachokueleza kwa sehemu kubwa ni tamthilia. Hatuna ugomvi na tamthilia, tena ile ni moja ya kazi bora kabisa zilizowahi kutoka Mlimani. Lakini tamthilia ni tamthilia, mwandishi ana haki ya kubuni na alibuni. Maneno ya wazee wenyewe, yale waliyoyasema mbele ya wanafunzi mwaka 1968 kuhusu nani alikwenda Ngarambe kuchukua maji, nani alikataa, nani alinyongwa na Mjerumani, njaa ilikuwaje baada ya hapo, wajukuu wao hawana. Wajukuu wamepewa mchezo wa kuigiza, na ushahidi umewekwa kabatini kwa ajili ya wageni.

Miaka kama 14 baadaye hadithi ikajirudia kwa namna nyingine. Penina Muhando Mlama na wenzake wa idara ya sanaa walikwenda Malya, Mwanza, mwaka 1982 na 1983, wakakaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja nao matatizo ya kijiji, na matokeo ya uchunguzi yakawa ngoma na maigizo yaliyochezwa na wanakijiji wenyewe, kisha yakajadiliwa palepale uwanjani. Utafiti na utamaduni vikawa kitu kimoja. Kwetu sisi hakuna jambo la maana zaidi lililowahi kufanywa na Chuo kile nje ya mipaka yake. Na kitabu kinachoeleza kazi hiyo? Kilitoka mwaka 1991, kwa Kiingereza, mjini Uppsala, Sweden. Hatumlaumu mwandishi, ambaye tamthilia zake mwenyewe ameziandika kwa Kiswahili. Mchapishaji alikuwa huko, fedha ilikuwa huko. Profesa Felix Chami naye, mwanaakiolojia wa Mlimani aliyechimba pwani yetu na kutetea kwamba mizizi ya Waswahili ni ya wakulima na wafua chuma wa hapahapa Afrika, kitabu chake cha mwaka 1994 kilichapishwa wapi? Uppsala tena. Inaonekana Msweden akitaka kutujua ana maktaba nzuri kuliko mtu wa Kilwa.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wanazuoni, yanatuhusu nini. Basi tukumbushane ya mwezi Machi 2023. Jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani yetu: Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara. Ulionyesha kwamba upande wa akina mama ulikuwa kwa sehemu kubwa wa Kiafrika, kwamba upande wa akina baba uliingiliwa na watu wa Asia, hasa Waajemi, kuanzia karibu mwaka 1000, na kwamba baadaye, baada ya mwaka 1500, damu ya Arabuni ikazidi. Ni matokeo yenye pande nyingi, yanayohitaji kusomwa polepole. Kilichofika kwetu, Muscat, London na Mombasa, kwa wengi kilikuwa kichwa cha habari. Ndani ya siku mbili simu zilijaa ujumbe: kundi moja likishangilia kwamba imethibitika sisi ni Washirazi, kundi jingine likisema ni njama za wazungu za kutunyang'anya Uafrika wetu. Watu wa ukoo mmoja walitukanana. Mswahili alikuwa akigombana na Mswahili juu ya asili ya Mswahili, na karatasi yenyewe wengi wa wagomvi hawakuwa na uwezo wa kuisoma. Mlimani kuna wataalamu ambao wangeweza kuandika kurasa mbili za Kiswahili safi wiki ileile, kueleza kinachosemwa na kisichosemwa. Huwezi kuwalaumu sana kwa kutoandika, kwa maana hakuna anayewalipa wala kuwapandisha cheo kwa kurasa hizo.

Hapo tumefika kwenye kiini cha tatizo, na tunaomba wakubwa wa Chuo watusikilize bila hasira. Jibu tunalopewa siku zote ni kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Jibu hili lilikuwa na nguvu zamani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ambayo mwaka 2009 iliunganishwa na idara ya Kiswahili na kuwa TATAKI, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Jarida lake la Mulika limekuwa likichapisha makala za kitaaluma kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970. Msamiati umetengenezwa Mlimani, na Mlimani haiutumii! Ni sawa na seremala anayetengeneza viti mwaka mzima, na nyumbani kwake wageni wanakaa chini.

Jibu la pili ni kwamba hilo ni suala la sera. Kweli. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na vyuo vikuu mwaka 1992. Serikali ya Mwalimu, yule aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, ilikataa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikafungua mlango kwa lugha zote mbili, na mlango huo ukabaki wazi bila mtu kupita. Tumechoka na mjadala wa lugha ya kufundishia, tunakiri, na leo hatuko huko. Profesa na afundishe kwa lugha anayoruhusiwa na sera. Tunachosema hakihitaji sera mpya wala Bunge.

Jibu la tatu ndilo la kweli zaidi, nalo husemwa kwa sauti ya chini. Mhadhiri hupanda cheo kwa makala katika majarida ya kimataifa yanayopitiwa na wataalamu wenzake. Kurasa mbili za Kiswahili kwa ajili ya wakulima hazihesabiwi. Mhadhiri ana watoto, ana mkopo wa nyumba, na ana saa 24 kama wengine. Kwa hiyo anaandika kinachohesabiwa. Wala hatusemi aache Kiingereza. Mtafiti wa Kenya, wa Brazil au wa India atamsomaje? Sayansi inahitaji lugha ya kukutania. Lakini kukutana na wa mbali hakumzuii mtu kumsalimia jirani aliyemkopesha chumvi.

Na wala haliwezekani tu kwa nadharia. Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, kimekuwa na kongamano la Kiswahili kila mwaka tangu 1987, ambako makala za kitaaluma husomwa na kujadiliwa kwa Kiswahili, na Mjerumani akikosa neno huulizia kwa Kiswahili. Walipa kodi wa Bavaria wanagharimia mjadala wa kisomi kwa lugha yetu. Wanaotoka Dar es Salaam hupanda ndege kwenda kuzungumza Kiswahili cha kisomi huko!

Tunachotaka ni hiki. Kila tasnifu ya uzamili na uzamivu iliyokusanya taarifa kutoka kwa wananchi iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema: tuliuliza nini, tuliona nini, nini hatukukiona, na kijiji kifanye nini. Ukurasa huo usiwe wa kuambatishwa mwishoni tu na kulala na wenzake. Uende kwa ofisa mtendaji wa kijiji, kwenye zahanati, kwenye redio za jamii, na usomwe na msimamizi wa tasnifu kwa ukali uleule anaousoma nao Kiingereza. Asiye na ukurasa asipewe joho. Kwa watafiti wa nje, ambao kibali chao hutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, sharti liwe hilohilo. Chuo nacho kiuhesabu ukurasa huo anapopimwa mhadhiri, hata kwa pointi chache, maana pointi chache zikiwa za kila mwaka si haba.

Wanafunzi wa sanaa nao wasiachwe wakingoja tarehe 7 Julai ndipo waitwe kupiga ngoma mbele ya mgeni rasmi. Wapewe matokeo ya utafiti wa mwaka: ya maji, ya mwani, ya mahindi, ya maradhi ya watoto. Waigize hayo katika Wiki ya Utafiti, kisha wapande basi wayapeleke kule yalikotoka, kama walimu wao walivyofanya Malya.

Kwa upande wetu tunafungua nafasi katika ukurasa huu. Mtafiti yeyote wa Mlimani, wa Sokoine, wa Muhimbili, wa Zanzibar, atakayetuletea ukurasa wake mmoja wa Kiswahili kuhusu kazi aliyoifanya, tutauchapa bila malipo na bila kumbagua mtu kwa chama wala dini. Wa kwanza tungependa uwe wa mwani, kwa sababu tumeulizwa mara nyingi na wasomaji wa Muscat ambao mama zao bado wanalima Bwejuu, na hatuna cha kuwapa zaidi ya kichwa cha habari.